Kinanda cha Baba Hakilazwi

Jumapili mlinizunguka mlangoni mwa kanisa, kila mmoja na swali lake, nikawajibu nusunusu huku chai inapoa mkononi. Ninyi wanakwaya wenzangu mnanijua: hadithi ikikatishwa katikati nanuna, na nikinuna sisimulii tena. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja, asome anayetaka na anayetaka amsomee mwenzake. Habari za barua, mihuri na jinsi wale watu wa makumbusho ya Uholanzi walivyotupata nitaziruka. Zilinichosha mimi mwenyewe, sembuse ninyi.

Kwa atakayesoma bila kutujua, nieleze kidogo. Baba yangu, mzee Bernado, alikuwa fundi redio hapa Nyakisasa tangu enzi za redio zenye taa ndani, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Redio hizo zilipopitwa na wakati watu walizitupa, naye akaziokota. Aliziokota kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu wakamwita Mzee Chupa, na mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiulizwa sokoni kama mumewe anakula vioo. Kutokana na takataka zile baba aliunda kinanda cha kwaya yetu, kikubwa kama kabati la nguo, chenye taa arobaini na moja. Kila nikibonyeza kitufe, taa yake huimba. Soketi za kuchomekea taa hakuzipata, basi akaziunga moja kwa moja kwenye nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, zikawa zinaning'inia ndani kama matunda. Ndiyo maana hakilazwi. Ukikilaza, taa zinagongana, na taa nyingine kama zile hazipatikani tena popote tunapopajua.

Wale wa makumbusho walipotaka kukiazima kwa maonyesho yao, mimi nilikataa. Baba akakubali kabla sijamaliza kukataa. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Hapa watu wananisifu kwa sababu ni mzee na wananionea huruma. Nataka kisikilizwe na watu wasionijua. Wakisema ni kibaya, basi, nitajua." Nikaenda kupanga nguo za safari.

Kutoka kanisani mpaka barabara ya lori

Mvua ilikuwa imelibeba daraja la bondeni, na lori halikuweza kupanda kwetu. Njia ya miguu ni saa mbili ukiwa huna mzigo. Nikasema tungoje kiangazi. Sospeter, mwenyekiti wa chama chetu cha machela, akanitazama kama nimemtukana.

"Dada, wagonjwa wangapi tumewashusha bonde hili wakati wa mvua?"

"Wengi."

"Tumemwangusha nani?"

Kwetu kila kaya ina mtu wake kwenye chama cha machela, na kanuni zake mtoto wa darasa la pili anazijua. Mgonjwa hatui chini mpaka afike. Mabega yanabadilishwa mkiwa mnatembea. Mkipanda mlima, warefu wanakaa nyuma na wale wa mbele wanashusha mikono, ili mgonjwa abaki sawa kama yuko kitandani kwake. Mkishuka, warefu wanahamia mbele. Na mtu yeyote mnayekutana naye njiani, awe mgeni au mna ugomvi wa mpaka wa shamba, anaingia bega hata kwa hatua kumi.

Tulikifunga kinanda kwa majani makavu ya migomba, tabaka juu ya tabaka, kikawa kinene kama ng'ombe mwenye mimba. Kina mama wa kwaya walifanya kazi hiyo siku nzima huku wakinifukuza nisisogee. Nilidhani wananihurumia. Baadaye mtaona walikuwa wanaficha nini. Juu tukatandika shuka jeupe la altare kuukuu, na blanketi kwa ajili ya mvua.

Sospeter akafunga juu yake chupa ya soda yenye maji nusu, akaichora mstari wa kalamu juu kidogo ya maji. "Maji yakigusa mstari, mnasimama," akasema. Wanaume sita wakainua kwa miti ya machela, sita wakafuata nyuma kungoja zamu, na baba akatembea nyuma yao na fimbo yake.

Kosa la shuka jeupe tulilijua tulipofika mteremko wa pili. Mzee mmoja alikuwa anapanda anasukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Alipotuona aliilaza baiskeli majanini, akavua kofia, akasogea kimya akaingiza bega lake. Akatembea na sisi hatua nyingi, macho chini. Kisha akaninong'oneza, "Poleni sana, mama. Ni nani?"

"Shikamoo mzee. Ni kinanda cha kwaya."

"Marahaba." Akafikiri kidogo. "Na mwenyewe alifariki lini?"

Baba akajibu kutoka nyuma, "Mwenyewe ni mimi."

Yule mzee aligeuka, akamtazama baba kuanzia viatu mpaka kichwani, akamtazama tena. Wabebaji walikuwa wanatetemeka kwa kucheka na maji kwenye chupa yakaanza kucheza, Sospeter akafoka. Lakini tulikuwa tumechelewa kurekebisha habari. Wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya bonde walikwisha kutuona, na habari zetu hazihitaji simu. Tulipofika barabarani tuliwakuta watu wamekaa kando, wengine wameshaleta kuni na maharage ya kupikia msibani. Hakuna aliyeondoka. Walisema maharage yakishaoshwa hayarudi nyumbani, wakapika, tukala sote, na kinanda kikiwa kwenye mabega ya zamu ya pili kwa sababu lori lilikuwa bado halijafika na mgonjwa hatui chini. Kwa nusu saa nzima walibeba wamesimama. Siku ile niliwapenda wanaume wa Nyakisasa kuliko siku zote za maisha yangu, na nalisema hapa waziwazi ili wake zao wasome.

Lori lilipofika baba aliweka kiganja juu ya blanketi, akaniambia neno moja: "Kisilazwe." Kisha akageuka kurudi nyumbani, nami nikapanda nyuma na mzigo wangu.

Kasulo, Nyakahura, Biharamulo

Dereva aliitwa Masanja, Msukuma mwenye kicheko kikubwa na mguu mzito. Tulipofika Kasulo nilikuwa nimegonga paa la kichwa cha lori mara nne.

"Mama, sasa nini tena?"

"Maji yamegusa mstari."

"Kwa mwendo huu, tutafika Dar Krismasi."

"Tutafika na Krismasi na kinanda. Ukikimbia utafika na kabati la chupa zilizovunjika, na utamweleza baba yangu wewe mwenyewe."

Alisonya. Nyakahura tulisimama kula ndizi na nyama ya mbuzi, akakataa kukaa meza moja na mimi. Ila mhudumu alipomuuliza amebeba nini hata anaendesha kama amebeba mayai, nilimsikia anaeleza habari za zile taa, vizuri kuliko ninavyoeleza mimi, hata akaonyesha kwa vidole jinsi zinavyoning'inia. Tuliporudi kwenye lori akapanda juu kuitazama chupa mwenyewe. Kuanzia hapo sikugonga paa tena.

Alikuwa na maharage ya kuchukua Biharamulo mjini, kazi ya asubuhi moja. Mvua ikaifanya siku tatu. Tulipewa hifadhi kwa bibi Hadija, mama mkwe wa Masanja, mkulima mwenye ghala la bati ambalo lori liliingia lote na kubakiza taa za nyuma tu. Siku ya kwanza nilikataa kutoka ghalani. Siku ya pili bibi mwenyewe aliniletea ugali wa muhogo na dagaa, akakaa kwenye gunia akinitazama ninavyokula.

"Mwanangu, kitu gani hiki kinakunyima usingizi?"

"Kinanda, bibi. Kinakwenda Ulaya."

"Aa. Kimeharibika."

"Hapana, ni kizima."

"Basi kimeisha muda wake, mnawarudishia wenyewe."

"Wenyewe ni sisi, bibi. Kakiunda baba yangu, Nyakisasa."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. "Kama ni kizima na ni chenu," akasema, "kinakwenda Ulaya kutengenezwa nini?"

Nikamwambia hakiendi kutengenezwa, kinakwenda kusikilizwa.

Sikuwa nimeyapanga maneno hayo. Bibi Hadija aliyarudia polepole, akacheka, akainuka akagusa blanketi kwa ncha za vidole jinsi unavyomgusa mtoto wa mwenzio aliyelala. Masanja alikuwa mlangoni. Aliyadaka, na kuanzia Biharamulo mpaka Dar es Salaam hakuna muuza mahindi ya kuchoma, fundi wa matairi wala dereva mwenzake ambaye hakuambiwa: "Kinakwenda kusikilizwa." Alikuwa akisema kana kwamba amekiunda yeye. Mimi nilikuwa nimekaa pale mbele karibu naye, nimeshapewa heshima hiyo, nikijifanya sisikii.

Dar es Salaam, au aibu ya maharage

Bandarini tulikaa juma zima. Joto nalisamehe. Kilichonishinda kusamehe ni kile kilichotoka ndani ya majani ya migomba.

Mkaguzi wa mimea alikuwa mama mmoja mpole wa rika langu, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alitazama kinanda chetu kilivyovimba, akasema kwa utaratibu, "Kazi nzuri sana hii, dada. Lakini majani hayavuki bahari. Yanaweza kubeba wadudu. Inabidi kufungua."

Tukafungua. Katika tabaka la kwanza kulikuwa na kifurushi cha maharage. Akaniangalia. Katika tabaka la pili karanga, na chini yake karanga nyingine. Kisha viazi vitamu, ambavyo vilikwisha kuota. Kisha kibuyu kidogo cha asali, kimezibwa kwa gunzi, nacho kilikuwa kimelala shibiri moja tu juu ya nyaya za baba.

"Umesema hapa ndani kuna kifaa cha umeme," mkaguzi akasema.

"Kimo. Kiko chini ya zawadi."

Kina mama wa kwaya, najua mnasoma. Najua pia kwamba kwetu mgeni hapelekwi kwa watu mikono mitupu, na nyinyi mliona kinanda ni mgeni. Lakini asali! Niliwachukia kwa muda wa dakika kumi hivi. Halafu mkaguzi akafungua kifurushi cha mwisho, akakuta karatasi mliyoandika: "Kwa watakaompokea. Apewe maji kwanza." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Maharage yenu yalipikwa mchana ule uani kwa wakala wa mizigo, wakala akala, mkaguzi akaonja, Masanja akala sahani tatu. Asali niliinywa mimi kwa hasira.

Sasa kinanda kikawa uchi. Wakala alileta sanduku la mbao zilizokaushwa kwa moto na kupigwa muhuri, akauliza tutajazia nini. Nilikwenda kwenye soko la mitumba la Karume nikanunua robota la sweta, nzito, za sufu, ambazo Dar hakuna mwenye akili anayezivaa. Nikazipanga mwenyewe, mikono ya sweta nikiifunga shingoni mwa kinanda kama mtu anayekumbatiwa. Ndani nikahesabu taa: arobaini na moja, zote nzima. Nilipigilia msumari wa mwisho kisha nikaandika ubavuni kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, HAKILAZWI. Meli ilikichukua kikiwa kimesimama. Niliitazama mpaka nikaona naonekana mjinga, nikaondoka.

Ng'ambo

Mimi nilifuata kwa ndege baada ya majuma mengi, kinanda kikiwa kimeshafika. Ndege siielezi; nililala.

Makumbusho yenyewe yako kwenye nyumba nyembamba ndefu, kando ya mfereji wa maji, na ukumbi wa maonyesho uko ghorofa ya tatu. Aliyenipokea ni bwana mmoja aitwaye Pieter, mrefu kama nguzo ya umeme, fundi wao. Tulielewana kwa Kiingereza changu cha shule na chake cha shule. Alifungua sanduku mbele yangu, akatoa sweta ya kwanza, akasoma lebo shingoni, akaita wenzake. Sweta ilikuwa imeshonwa katika nchi yao. Walicheka sana. Nikawaambia tumewarudishia, zilikuwa na joto mno.

Kisha akanionyesha lifti, na kinanda kilikuwa kirefu kuliko lifti. "Tutakilaza kidogo," akasema. Nikamwonyesha maandishi mekundu. Akaitikia kwa kichwa, akanipeleka nje, akanionyesha ndoano kubwa juu kabisa ya ukuta, karibu na paa. Kumbe nyumba zao wamezijenga hivyo makusudi: mizigo hufungwa kamba ikavutwa juu, ikaingia dirishani. Alijivunia ndoano ile, na ni haki yake. Lakini upepo ulikuwa unapeperusha kofia za watu, na nikaona kinanda cha baba kikibembea juu ya maji.

Nikasema hapana. Pieter akasema wameshapandisha vinanda vingi hivyo. Nikasema havikuwa vya baba yangu. Akasema sasa hakuna njia nyingine. Nikakaa sakafuni mbele ya sanduku na mkoba wangu mapajani. Si jambo la kujisifu, lakini ninyi mnajua nikikaa nimekaa.

Ngazi zao nilizitazama kwa muda mrefu. Ni za mbao, kali, watu wawili wanapita bega kwa bega. Nikafikiri, mlima wa kwetu ni mkali kuliko huu na una matope. Nikamuuliza Pieter kama ana mabomba mawili marefu ya chuma na mikanda, badala ya miti ya machela.

Alinipatia watu wanane: mafundi, mlinzi wa kike mwenye mabega mapana, karani, na mkurugenzi mwenyewe aliyevua koti. Nikawapanga. Niliwafundisha kwa ishara na kwa Kiingereza kilichovunjika kila mahali: mgonjwa hatui chini. Hambadilishani mkiwa mmesimama. Warefu nyuma. Wale wa mbele mikono chini, magotini. Wale wa nyuma mabegani. Walikuwa wanafuata maelekezo, ila walikuwa wanatazamana, na nilijua wanafikiri nini. Nikafunga chupa ya maji juu, nikaichora mstari.

Kwenye kona ya kwanza walitaka kutua. Nikapaza sauti: "Badili!" Hawakulijua neno lakini walijua sauti. Mlinzi akaingia bega, karani akatoka, sanduku likapita juu ya reli ya ngazi, na maji yakabaki chini ya mstari. Kwenye kona ya pili "Badili" aliita Pieter. Kwenye ya tatu waliita wote. Nilikuwa natembea nyuma yao, mahali pa baba, na machozi yalikuwa yananitoka bila aibu yoyote, maana niliona ufundi wa Sospeter na wenzake, ambao kwetu hata hatuuiti ufundi, unapanda ngazi za makumbusho kabla ya kinanda.

Baadaye walitupa supu nzito ya njegere na mikate waliyoinyunyizia punje za chokoleti, watu wazima na ndevu zao. Nikala. Kabla ya yote nilikuwa nimemwomba Pieter glasi ya maji nikaiweka mbele ya kinanda, kama mlivyoagiza kwenye karatasi. Hakuuliza.

Siku ya ufunguzi nilikiwasha mwenyewe. Taa arobaini zikawaka. Pieter akahesabu, akaruka kuchukua bisibisi. Nikamshika mkono, nikamwambia angoje. Ile ya arobaini na moja ni ya redio ya marehemu katekista, nayo tangu zamani huamka mwisho. Ikaamka.

Nilikuwa nimempigia baba simu na kuiweka juu ya kinanda. Niliomba wasitangaze chochote, wasiseme aliyekiunda ametoka wapi wala umri wake. Nikacheza tu wimbo wetu wa mavuno, beti zote tano. Nilipomaliza wakapiga makofi, wakaendelea, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha mbele akamuuliza Pieter kitu. Pieter akanitafsiria: anauliza ni kiwanda gani kinatengeneza vinanda hivi, kwa sababu amepiga vinanda maisha yake yote na hajawahi kusikia sauti hii.

Nikalirudia swali neno kwa neno kwenye simu, kwa Kiswahili na tena kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani. Nilisikia kuku wa nyumbani, na nikamsikia baba anapenga kamasi. Kisha akakata simu.

Kurudi

Maonyesho yalikwisha, meli ikakirudisha, na Masanja hakukubali lori jingine likichukue Dar. Aliendesha polepole mpaka nikamwomba aongeze mwendo kidogo. Alikataa.

Barabarani wabebaji walikuwa wamejipanga, na baba amekaa juu ya jiwe amevaa koti lake la Pasaka. Safari hii sikuweka shuka jeupe. Niliweka kitenge chekundu, kusudi asikosee mtu. Tulikuwa tumeanza kupanda tulipomkuta yule mzee wa baiskeli, na mkungu wake, mahali karibu palepale. Akailaza baiskeli. Akaanza kuvua kofia, akakitazama kitenge, akaivaa tena. Akaingiza bega.

Hatua chache mbele akamgeukia baba. "Enhe, Mzee Chupa. Mgonjwa wako amepona?"

Baba hakuwa amewahi kubeba kinanda chake. Umri ulimkataza, nasi pia tulimkataza. Alinipa fimbo yake niishike. Akaenda mpaka mbele, akamgusa Sospeter begani, na Sospeter, ambaye hajawahi kuvunja kanuni, akabadili huku wanatembea.

"Hakuwa mgonjwa," baba akasema, mti wa machela ukiwa begani mwake. "Alikwenda kusikilizwa."

Akatembea hatua kumi. Nilizihesabu. Kisha akatembea nyingine kumi.